Amplifaya Inayong'ata

Jina la Shoti alipewa na fundi cherehani wa mlango wa pili, yule yule aliyemwokoa. Kabla ya hapo watu walimwita Fundi tu. Wateja wapya walikuwa wakichungulia ndani ya duka lake na kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi, naye hujibu bila kuinua kichwa, "Ametoka. Niachie mimi nitampa." Wakirudi wanakuta kazi imekwisha, na fundi bado hajaonekana.

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Alitengeneza kila kitu chenye plagi, lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufufua amplifaya za zamani za gitaa. Hizo ni nzito, mtu mmoja huzibeba kwa kulaani, na ndani yake hazina vidude vidogo vya siku hizi. Zina valvu: chupa za kioo, nyingine kama kidole gumba, nyingine kubwa kama ngumi ya mtoto. Ukiwasha, hukaa kwanza kimya, halafu polepole zinaanza kuwaka rangi ya chungwa tumboni.

Ufundi huo alifundishwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyemlea. Marehemu mjomba alikuwa na maneno yake ya kueleza sauti. Amplifaya mpya za bei rahisi alisema zina sauti ya bati. Ya valvu iliyotunzwa alisema ina nyama. "Gusa uzi kidogo," alikuwa akimwambia, "unaona? Inanong'ona. Sasa upige kwa nguvu. Umesikia? Haikupigii kelele. Inavimba, halafu mwishoni inakwaruza kidogo, kama mtu anayeimba huku anazuia kulia." Msichana alisikiliza, mpaka akawa hahitaji kuambiwa. Akiweka mkono juu ya sanduku la amplifaya, akapigiwa uzi mmoja tu, aliweza kusema kapasita zimekauka, au valvu moja imechoka, au karatasi ya spika imepasuka pembeni.

Mjomba alimwachia pia masharti mawili. La kwanza, usiamini swichi. Hata ukiizima, hata ukiichomoa ukutani, ndani ya amplifaya ya valvu kuna kapasita, vikopo vinavyoweka umeme kama mtungi unavyoweka maji, na umeme huo unaweza kukaa humo ukikusubiri. Umwage kwanza. La pili, ukilazimika kupima ikiwa inawaka, mkono wa kushoto utie mfukoni, umeme usipate njia ya kukatiza kifuani kwenda mkono wa pili. Kwa ajili ya sharti hilo, fundi cherehani alimshonea mfuko upande wa kushoto kwenye kila gauni lake.

Siku ya ajali mfuko ulikuwepo, mkono haukuwa ndani yake.

Alikuwa na amplifaya ya kanisa mezani, imefunguliwa tumbo. Aliizima ukutani na kuanza kuimwaga umeme, ndipo akaingia mteja wa feni akigomba. Feni yake imetengenezwa vibaya, anasema, haigeuki. Shoti, ambaye wakati huo hakuwa bado Shoti, alimwambia aijaribu mwenyewe pale ukutani aone kama haigeuki. Yule bwana akachomeka feni, na kwa hasira zake akabonyeza swichi zote mbili za soketi, ya feni na ya jirani yake, palipochomekwa amplifaya. Feni ikageuka. Akaona haya, akashukuru, akaondoka nayo. Fundi akarudi mezani akicheka peke yake, akaingiza mikono yote miwili.

Baadaye watu walimuuliza kama iliuma. Hakujua awajibu vipi. Haikuwa kuuma, ilikuwa kushikwa. Kitu kilimkamata ndani ya mifupa na kukataa kumwachia. Aliuona mkono wake wa kulia umeufumbata waya, vidole vimekaza, na akili yake ikauamrisha ufunguke, na mkono ukawa kama wa mtu mwingine. Alitaka kupiga kelele, koo likatoa mngurumo tu. Aliwaza jambo moja, tena kwa utulivu wa ajabu: kwamba hivi ndivyo anavyokufa, na sufuria ameiacha jikoni.

Fundi cherehani alisikia mngurumo akadhani mbwa ameingia. Alipochungulia na kumwona anatetemeka amesimama wima, hakumgusa. Aliruka hadi mlangoni na kushusha swichi kuu ya nyumba nzima. Ndipo fundi akaanguka.

Hospitalini walimweka chini ya uangalizi kwa sababu moyo ulikuwa ukidunda kwa kurukaruka. Kiganja kilikuwa na shimo dogo jeusi. Mumewe, ambaye alifanya kazi ya kuoka mikate na hakuwa mtu wa maneno mengi, alikaa kando ya kitanda ameshika viatu vya mkewe mapajani kama mtu aliyeambiwa avilinde. Mwisho akasema, "Uza nguo. Uza ndoo. Uza chochote kile, mke wangu."

Aliporudi dukani, fundi cherehani alimpokea mlangoni. "Shoti! Karibu tena duniani." Watu wakacheka, naye akacheka, na jina likaganda.

Lakini alikuwa amerudi nusu. Alitengeneza pasi, feni, majiko ya umeme, chaja. Amplifaya za valvu hakuzigusa. Ile ya kanisa aliisukuma kwa mguu hadi pembeni, akaifunika shuka, akawaambia wenyewe waje waichukue. Hata ikiwa imefunikwa, na haijachomekwa popote, hakupenda kuipa mgongo. Akiinama mezani alihisi inamtazama. Akisikia mvumo wa transfoma popote, kwenye friji ya duka la jirani, kwenye nguzo ya barabarani, nywele za mikononi zilisimama na ladha ya chuma ikamjaa mdomoni. Nyumbani alikuwa akimwita mumewe amwashie taa ya chooni, akisingizia ana mikono yenye maji.

Hakumwambia mtu. Mwenye amplifaya ya valvu akija, jibu lilikuwa tayari: "Valvu hazipatikani siku hizi." Walikubali, kwani lilikuwa na chembe ya ukweli. Valvu zilipatikana kwa shida. Yeye alikuwa na sanduku zima chini ya meza.

Basi siku moja wifi yake akaja na mkokoteni.

Huyu alikuwa dada wa mumewe, mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana iliyo ng'ambo ya bonde. Kila mtu alimwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa, na kwa sababu alikuwa mwembamba. Yeye na Shoti walikuwa wifi wa kutaniana mchana na kukosana jioni.

"Wifi! Toka huko nje unisaidie, mgongo umekatika!"

"Mgongo gani, wewe una mgongo?"

"Cheka, cheka. Njoo uone mke mwenzio niliyekuletea."

Kwenye mkokoteni, juu ya gunia, palikuwa na amplifaya. Shoti aliitambua aina yake kabla hajaikaribia: sanduku la mbao lililovishwa kitambaa cha kahawia, wavu wa mbele umegeuka rangi ya chai, vitufe vya kuzungusha vyeusi, kimoja hakipo. Nyuma, katika kivuli, zilimeta chupa mbili kubwa na tatu ndogo. Ilikuwa nzuri. Zamani angeipigia magoti.

"Ilikuwa stoo ya klabu moja iliyofungwa," Nyuzi alisema. "Wangeitia moto, mtu wangu. Moto! Sasa shida ni moja. Nikiwasha tu, shule nzima umeme unakatika. Mkuu wa shule anataka kunitafuna mbichi."

Shoti alikuwa bado amesimama mlangoni. Jasho jembamba lilimtoka mgongoni. "Valvu hazipatikani siku hizi, wifi."

"Nani kakuambia valvu ndizo mbovu? Hata hujaifungua."

"Nimeiona."

"Ala! Siku hizi unatibu kwa macho?"

"Nimesema haitengenezeki. Iuze mbao."

Nyuzi alimtazama. Alingoja utani uishe, na utani haukuwepo. "Sawa," alisema, akaanza kugeuza mkokoteni mwenyewe. "Nitampelekea fundi simu wa kule chini. Yeye angalau hanikunjii uso."

Shoti aliusikiliza mkokoteni ukiondoka, gurudumu moja likilia. Alipaswa kumzuia. Alichohisi ni nafuu, ile ya mtu aliyepitwa na gari pembeni kabisa ya bega, na nyuma ya nafuu ikaja aibu. Akachukua pasi ya mtu akaendelea nayo.

Zikapita wiki kadhaa za mvua. Mchana mmoja Nyuzi akaingia dukani, mwavuli unachuruzika, uso umejaa furaha. Alikuwa amesamehe. Hakuwa mtu wa kuweka kinyongo akiwa na habari.

"Imepona!" alisema, akajitupa kwenye stuli ya wateja. "Yule fundi simu, mdogo vile, kakata waya mmoja tu, basi. Umeme haukatiki tena. Na sauti, wifi! Ungesikia. Natamani nikufungie huko ukumbini usikilize mpaka ukome kiburi."

"Waya gani alikata?" Shoti aliuliza. Alikuwa analehemu chaja.

"Mimi najua? Ule wa kijani, unaoingia kwenye plagi. Sasa sikiliza, kesho kutwa ndiyo siku ya kugawa zawadi, wazazi wote wanakuja, na wasichana wangu watapiga. Ila hii amplifaya ina mapenzi kupita kiasi." Akacheka. "Nikiimba, maiki inanibusu."

"Inakubusu vipi?"

"Inaning'ata mdomo. Kidogo tu, tss, kama ulimi ukigusa betri. Mwanzoni ilikuwa inatekenya. Juzi iliniuma kidogo. Nimeivalisha maiki sponji, mambo shwari."

Chuma cha kulehemu kilimponyoka Shoti kikaanguka juu ya meza, na moshi ukaanza kupanda kutoka kwenye mbao. Hakukiokota. Waya wa kijani ni waya wa ardhi. Ndio uliokuwa ukikata umeme wa shule kila amplifaya inapowashwa, kwa sababu ndani yake umeme wa ukutani ulikuwa ukivujia kwenye bati la ndani lililobeba valvu, na waya huo ulikuwa ukiupeleka ardhini kabla haujamfikia mtu. Fundi simu alinyamazisha kelele kwa kumfukuza mlinzi. Sasa umeme ulikuwa umekaa kwenye bati, na kutoka kwenye bati ulikuwa ukitembea kwenye waya wa gitaa, hadi kwenye nyuzi, hadi kwenye vidole vya mpigaji, ukingoja aguse kitu kingine chenye njia ya ardhini, kama maiki ya ukumbi yenye spika zake.

"Iko wapi sasa hivi?"

"Ukumbini. Wasichana wanafanya mazoezi. We, meza inaungua!"

"Wanafanya mazoezi sasa hivi?"

"Sasa hivi. Wifi, una nini? Mbona umekuwa hivyo?"

"Piga simu shuleni. Mwambie mtu azime."

Nyuzi alipiga. Ilikuwa Jumamosi, ofisi imefungwa, mlinzi hakupokea. Alipiga tena. Shoti alikuwa ameshabeba mfuko wake wa vifaa, amempita fundi cherehani mlangoni bila salamu, yuko barabarani anapungia pikipiki yoyote. Walipanda moja, wote wawili nyuma ya dereva, mfuko katikati yao.

Barabara ilikuwa imejaa madimbwi. Kila dimbwi lilimkumbusha Shoti jambo jingine. Maji sakafuni. Viatu vilivyolowa. Mikono ya wasichana iliyotoka kunawa. Nyuzi alikuwa akimuuliza maswali sikioni na yeye hakuweza kujibu, meno yalikuwa yamebanana. Alikiona kiganja chake kimefumbata bega la dereva kwa namna ile ile, vidole vimekaza, na kwa muda akaogopa kwamba wakifika havitafunguka.

"Mama, unaniumiza," dereva alisema.

Walipofika getini walianza kukimbia, na Shoti akaweza kutamka maneno mawili tu, "Wasiguse kitu." Na kabla hawajaufikia ukumbi, Shoti aliisikia. Mtu ndani alipiga nyuzi zote kwa pamoja, polepole, na sauti ikatoka dirishani ikiwa nene, ya joto, imeshiba, ikakaa hewani, na mwishoni ikakwaruza kidogo tu. Mwili wake ulijua sauti hiyo. Kitu kilimfurahisha kifuani na papo hapo kikamtia hofu zaidi, kwani sauti ilimaanisha kwamba inawaka na kuna mkono juu ya nyuzi.

Sakafu ya ukumbi ilikuwa imetoka kudekiwa kwa ajili ya wageni. Ilimeta. Mfanya usafi alikuwa amewavua wasichana wote viatu ili wasimchafulie, navyo vilikuwa vimepangwa mlangoni. Msichana mrefu alisimama jukwaani miguu mitupu, gitaa shingoni, mkono wa kushoto umebana nyuzi. Mwenzake alikuwa akimrekebishia kimo cha maiki. Ameivua sponji. Msichana wa gitaa akanyoosha mkono wa kulia kuisogeza maiki karibu na mdomo.

Shoti alifungua mdomo. Haikutoka sauti. Ulitoka mngurumo, ule ule.

"Mikono juu!" Nyuzi alipaza sauti nyuma yake, sauti ya mwalimu wa miaka mingi. "Kila mtu! Juu! Anayegusa kitu ataniona!"

Mikono ikaruka juu, wote, hata mfanya usafi na dekio lake. Gitaa likabaki linaning'inia tumboni mwa msichana, juu ya sweta, nyuzi zinavuma zenyewe.

Sasa ilibaki plagi. Soketi ilikuwa ukutani nyuma ya amplifaya, na kuifikia ilibidi apite kando yake juu ya sakafu mbichi. Shoti alikuwa amevaa ndara za mpira. Alizitazama kama zinatosha. Akasikia mkojo wa moto ukimtoka kidogo, naye hakujali. Alitia mkono wa kushoto mfukoni, akaukunja humo ngumi. Alipita ubavu kwa ubavu na lile sanduku, chupa zikiwaka ndani yake, joto lake likimgusa mguu. Akashika plagi kwa ncha za vidole. Akavuta.

Mvumo ulififia polepole, kama kitu kinachopumua mara ya mwisho.

"Shuka," alimwambia msichana. Sauti ilikuwa imerudi, ndogo. "Shuka, mwanangu. Vua hilo gitaa uliweke chini."

Wasichana walipotolewa nje, Nyuzi alibaki amesimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. Alikuwa ameanza kuona haya kwa yaliyotokea mbele ya wanafunzi wake, na haya yakataka kugeuka hasira. "Wifi, sasa si umeongeza chumvi? Mimi nimeimba na hiyo kitu wiki nzima."

Shoti alipanga viti vya mbao, vikavu, akaweka gitaa juu ya kimoja na maiki juu ya kingine. Kutoka kwenye mfuko alitoa balbu ya kawaida ya nyumbani, imefungwa kwenye kishikio chenye nyaya mbili, kifaa cha kupimia ambacho kila fundi anacho. Waya mmoja aliubana kwenye nyuzi za gitaa, wa pili kwenye chuma cha maiki. Alimwambia Nyuzi asogee mbali. Kisha, mkono mfukoni, akachomeka tena plagi na kurudi nyuma haraka.

Balbu ikawaka.

Haikuwaka kwa nguvu zote, lakini iliwaka vizuri tu, ya njano, ungeweza kusomea. Nyuzi aliitazama. Aligusa midomo yake kwa vidole. Kisha akakaa chini pale pale kwenye sakafu mbichi.

"Ilikuwa inapita kwangu," alisema.

"Ulikuwa na viatu. Na sponji."

"Na yule mtoto?"

Shoti alichomoa plagi. Walisikia wasichana wakicheka nje.

"Ulijua inaua siku ile nilipoileta?" Nyuzi aliuliza.

"Sikujua. Sikuifungua, ningejuaje?"

"Kwa nini hukuifungua?"

"Kwa sababu naogopa." Alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti. "Naogopa, wifi. Tangu ile siku. Sijafungua hata moja. Nawadanganya watu. Nilikudanganya wewe."

Nyuzi aliinuka, nguo zimelowa nyuma. "Mjinga wewe," alisema. "Ungeniambia tu. Ningekucheka siku moja, yangekwisha." Halafu akasema, "Tuitupe. Tuipige shoka, sasa hivi, mimi na wewe."

Shoti alikuwa amechuchumaa kando ya amplifaya, si karibu sana. Alifikiri juu ya shoka. Wazo lilimpendeza. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti dirishani, na alijua ni nini kibovu, kitu kimoja kidogo, na alijua kwamba ikitupwa kuna mtu ataiokota na kuichomeka kwa waya ule ule uliokatwa.

"Nitaifungua kesho," alisema. "Na wewe utakuwepo."

Kesho yake, asubuhi, amplifaya ikiwa imeshaletwa dukani, Nyuzi alisimama kando ya swichi kuu ya nyumba, mkono juu yake, ameamriwa asiutoe hata akiwashwa pua. Fundi cherehani alikuwa amefunga kazi kwa hiari yake na kukaa mlangoni. Hakuna aliyetania. Walimwona Shoti jinsi alivyokuwa.

Shoti alinawa mikono, akaikausha, ikatoka jasho, akaikausha tena. Kulegeza skrubu za nyuma kulimchukua muda kuliko inavyostahili, kwani bisibisi ilikuwa ikiteleza. Alipolitoa lile bati na kuligeuza, na ndani yake pakaonekana, aliondoka mezani, akaenda nyuma ya nyumba akatapika. Akarudi akifuta mdomo.

"Acha," Nyuzi alisema.

"Usitoe mkono hapo."

Alichukua kijiti chenye rezista nchani, kidude cha kupunguza nguvu ya umeme, waya wake umebanwa kwenye bati, kijiti cha kumwagia umeme wa kapasita. Mkono wa kushoto mfukoni. Ncha ilipogusa kapasita ya kwanza ikatoa cheche, pa!, ndogo na ya buluu. Nyuzi alipiga yowe akashusha swichi kuu, na jirani mmoja akasikika akilalamika kwamba televisheni imezimika. Ndipo wote watatu wakacheka, kicheko cha watu wenye homa.

Baada ya hapo kazi ilimsaidia. Macho yalipata cha kufanya. Alikiona kibaya mapema: kikapasita cha karatasi, kimevimba na kupasuka, kimeunganishwa kati ya umeme wa ukutani na bati, kama walivyokuwa wakifanya watengenezaji wa zamani. Akakikata, hakurudisha kingine. Akafunga waya mpya wa umeme wenye plagi ya miguu mitatu, ule wa kijani akaulehemu kwenye bati mara mbili. Vile vikopo vikubwa vya kuweka umeme vilikuwa vimekauka, akaviondoa na kuweka vipya. Vingine vyote vya njia ya sauti aliviacha, vyenye vumbi na nta yake, maana humo ndimo sauti ile ilimokuwa.

Kisha ikaja sehemu aliyokuwa akiikwepa kichwani tangu alfajiri. Ilibidi kuiwasha ikiwa wazi na kupima.

Hofu haikumwacha. Baadaye alisema alingoja imwache, kama mtu anayengoja mvua ipungue, na haikupungua, akaingia nayo hivyo hivyo. Aliwasha. Chupa zikaanza kuwaka. Aliingiza ncha ya mita ya kupimia umeme kwa mkono mmoja, akasoma, akatoa. Akaingiza kwingine. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuweza kuyafuta, mkono mmoja una kazi na mwingine uko kifungoni. Fundi cherehani alikuwa akisali kwa sauti ya chini. Alipozima na kuimwaga tena na kufunga bati, gauni lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

Nyuzi alichomeka gitaa. Hakutaka kugusa nyuzi, Shoti akazigusa kwanza, kwa mgongo wa kidole, kisha kwa kiganja chenye kovu, huku mkono wa pili ameshika bomba la maji lililozama ardhini. Hakuna kitu. Ndipo Nyuzi akapiga.

Kulikuwa na mluzi mwembamba juu ya sauti. Shoti aligonga valvu ndogo moja moja kwa penseli mpaka akaipata inayopiga mluzi, akatoa nyingine kutoka lile sanduku chini ya meza. Nyuzi aliliona sanduku, akaona limejaa, akakunja midomo. Valvu ya kwanza ilikuwa safi mno, sauti ikawa kali kama kisu. Ya pili ilikuwa ya zamani, maandishi yake yamefutika, na hiyo ilipopata joto noti za chini zikajaa chumba, za juu zikalainika, na Nyuzi alipovuta uzi sauti ikainuka nayo polepole, ikavimba, ikakwaruza ilipotaka kuisha. Fundi cherehani alisema, "Eh." Shoti aliweka mkono juu ya sanduku la amplifaya akalisikiliza kwa kiganja.

"Ina nyama," alisema.

Siku ya kugawa zawadi ukumbi ulijaa, watu wakasimama hadi madirishani. Msichana mrefu alipiga na kuimba, mdomo umeikaribia maiki kabisa, na wazazi wakatikisa vichwa kwa utamu. Shoti hakumwona vizuri. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jukwaa kando ya soketi, vidole vimeshika plagi tayari kuichomoa, na muda wote huo, nyimbo zote, alitazama mabega ya yule msichana yakikaza na kulegea. Mumewe, aliyekuja na unga kwenye kope, alimfuata na kuchuchumaa karibu yake.

"Si umeitengeneza?" alimnong'oneza.

"Nimeitengeneza."

"Sasa?"

"Sasa niache."

Wiki iliyofuata alishuka hadi kwa yule fundi simu na plagi iliyokatwa mkononi. Hakwenda kugomba. Alimwonyesha waya wa kijani na akamwashia balbu. Kijana wa watu alitoka jasho, akauliza maswali mengi, na kuanzia hapo kila chenye valvu alikipeleka kwa Shoti. Wengine nao wakasikia. Lile jibu la valvu hazipatikani halikutumika tena.

Watu wanapenda kusema kwamba tangu siku ile aliacha kuogopa. Fundi cherehani, ambaye hukaa mlango wa pili, anajua sivyo. Asubuhi ya kufungua amplifaya Shoti hali kitu. Hawezi kuzungumza na mteja, na mlango hufungwa ili mtu yeyote asiingie na feni. Mwenye amplifaya humsikia akitembea humo ndani, kutoka meza hadi ukuta na kurudi, akikawia. Halafu kimya. Halafu, ukingoja vya kutosha, uzi mmoja wa gitaa.